Kutoka Kulia Kwenda Kushoto

Vumbi la chokaa husubiri jua. Lipo wakati wote, lakini halionekani mpaka mwanga wa asubuhi uingie dirishani kwa ubavu, chini chini, kama mtu anayepita mlango mfupi. Hapo ndipo hunyanyuka na kuning'inia hewani, punje moja moja, bila haraka, mfano wa wageni waliosimama kizingitini wakingoja kukaribishwa.

Binti alilijua vumbi hilo tangu utotoni, maana alilala nalo. Nyumbani kwao kulikuwa na chumba chenye ukuta usiomalizwa. Baba yake alikuwa fundi mwashi, mtaa mzima ukimwita Fundi Shoto kwa sababu alishika mwiko wake wa chuma kwa mkono wa kushoto. Aliupiga ukuta ule lipu ya kwanza, ile nzito yenye vipele, akasema ya mwisho, ile laini, ataipiga akirudi. Kisha akaenda ng'ambo, kwenye mji wa kale uliokuwa ukitafuta mafundi wa kutengeneza nyumba zake zilizochoka. Akaandika barua mbili. Kisha akanyamaza. Akanyamaza mwaka, akanyamaza miaka, na sasa tangu aondoke ilikuwa imetimia kumi na tisa.

Na ukuta ukabaki. Kila asubuhi ulidondosha vumbi lake kitandani, kila asubuhi mama alilikung'uta na kulifagia, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Binti akakua, akajifunza kazi ileile kwa kuwatazama mafundi wa mtaani, akapiga lipu nyumba za watu hadi akapata jina. Majirani wakawa na la kusema. "Nyumba ya mafundi wawili," walicheka, "lakini ukuta umeota upele."

"Waache wacheke," mama alisema. "Kama yu hai, aje amalizie mwenyewe. Kama hayupo, mtu aniambie nijue. Lakini msinifunike macho kwa lipu."

Mwaka huo kifua cha mama kikaanza kulia kama mlango mbovu. Daktari akaulizia nyumba, akaulizia chumba, akasema vumbi lile litamuua. Mama akasikiliza kwa adabu, akarudi, akalala palepale. Ndipo binti alipofunga begi lake dogo, na ndani ya begi zile barua mbili, zimechakaa kwenye mikunjo mpaka mistari mingine ilisomeka kwa kukumbuka tu.

"Nakupa siku tano," mama alisema, akijifanya anatafuta ufagio. "Sitaki hadithi. Niletee neno moja. Yupo, au hayupo."

*

Aliingia mjini asubuhi, kwa lango la chini, na kitu cha kwanza kilichompokea ni ukimya wa mawe.

Kuta zilikuwa ndefu na karibu, zimeinamiana juu kama wazee wanaonong'onezana msibani. Njia ilipita katikati yao nyembamba, ikikunja bila kutoa sababu. Mawe ya chini yalikuwa yameliwa na nyayo hata yakawa na mashimo mepesi, kila moja mfano wa kiganja kilichoachwa wazi. Madirisha yalikuwa juu mno mtu asiweze kuchungulia. Na saa ya mnara, aliyoiona kwa mbali, ilikuwa nyuma ya saa yake kwa dakika kumi na saba, nayo haikuona haya.

Hakuwa amewahi kufika hapo. Lakini aliujua. Baba alikuwa ameuandika: langoni pana jiwe jekundu, jiwe moja tu, hakuna ajuaye lilikotoka. Akatazama, lilikuwepo. Baba alikuwa ameandika: ukipita tao la pili utasikia hatua zako zikikujia kwa mbele. Akapita tao la pili, na hatua zake zikamjia kwa mbele, nzito kidogo kuliko zake mwenyewe, akasimama kuzipisha.

Ewe mji, alisema moyoni, mbona unanipokea kama mtu aliyechelewa?

Barua ya kwanza ilisema kuna ngazi za mawe, arobaini na moja, na kando ya ngazi ya mwisho ndiyo nyumba yake ya kwanza ya kazi. Akazipata. Akazipanda akihesabu: arobaini. Akashuka akihesabu: arobaini. Alikuwa mtu wa utaratibu, hakupenda kitu kipungue moja. Akapanda mara ya tatu, akashuka, na alipofika chini akachuchumaa. Hapo akaiona. Ngazi ya kwanza kabisa ilikuwa imemezwa na njia; mawe ya barabara yalikuwa yamepandishwa juu yake, umebaki ukingo tu, mwembamba kama mdomo wa mtu aliyeamua kutosema.

Miaka kumi na tisa, na mji ulikuwa umekua kimo cha ngazi moja.

*

Mafundi husoma ukuta kwa shavu. Ukiutazama uso kwa uso, ukuta uliopigwa vizuri haukwambii kitu. Lakini egemeza shavu lako juu yake, fumba jicho moja, subiri mwanga wa asubuhi au wa alasiri upite kwa ubavu, na utaona mawimbi. Kila mfagio wa mwiko umeacha wimbi lake. Na mawimbi ya karibu mafundi wote duniani huenda upande mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia, maana mkono wa kulia ndio uliozoea kutumwa.

Ya baba yake yalikwenda kinyume. Kutoka kulia kwenda kushoto.

Tena yalikuwa na alama nyingine ambayo hakuna mwenzake aliyekuwa nayo. Ujanani jiwe lilimwangukia kidole gumba cha kushoto, kikapona kimekaza, hakikunji. Kwa hiyo kila mfagio ulipofika mwisho, mwiko ulinyanyuka kidogo bila yeye kutaka, ukaacha mkunjo mdogo kama nyusi iliyoinuliwa. Mama alimtania kwa hilo tangu siku za uchumba. "Ukuta wako," alimwambia, "unanikonyeza mbele za watu."

Hicho ndicho binti alichokuja kukitafuta katika mji wenye kuta elfu: konyezo la ukuta.

Siku ya kwanza aliweka shavu lake kwenye kuta nyingi kuliko alizoweza kuhesabu. Kuta baridi, kuta zenye chumvi, kuta zilizonuka moshi wa karne. Watu walimpita wakimtazama. Mwenye nyumba ya wageni, mama wa makamo aliyebeba funguo kiunoni kama shanga, alijua vipande vya lugha ya kila msafiri aliyewahi kulala kwake, na vipande vyake vya lugha ya binti vilitosha.

"Wageni wangu wote wanapiga picha mnara," alisema. "Wewe unabusu kuta. Mwanangu, una nini na kuta zetu?"

"Mmojawapo ameutengeneza baba yangu."

Funguo zikanyamaza. Yule mama akamtazama chokaa shavuni, akaitoa kwa ncha ya kitambaa chake, akasema bila utani, "Basi tazama chini pia, nyuma ya milango. Mafundi wa huku wakimaliza ukuta huukwaruza mwaka kwa msumari, urefu wa goti. Ndiyo desturi ya kazi yao, hata mgeni akija hufundishwa hiyo kwanza."

*

Siku ya pili, asubuhi, alirudi kwenye nyumba ya ngazi arobaini na moja. Siku hizi ilikuwa karakana ya mtu anayejalidi vitabu. Palinuka gundi na ngozi. Mjalidi alikuwa mzee kiziwi. Binti alimwonyesha mwiko wake aliouchukua begini, akaonyesha ukuta, akaonyesha jicho. Mzee akainua mabega, akarudi kwenye sindano yake.

Mwanga ulikuwa unaingia. Vumbi la karatasi lilikuwa limening'inia ndani yake.

Akaweka shavu. Akafumba jicho moja. Na mawimbi yakamjia, marefu, tulivu, kutoka kulia kwenda kushoto, na mwisho wa kila wimbi nyusi ikainuka.

Hakulia. Alibaki hapo tu, shavu ukutani, akipumua polepole ili asiulowanishe. Kisha akapiga goti nyuma ya mlango na kupapasa. Mwaka ulikuwepo, umekwaruzwa kwa msumari. Ulikuwa mwaka alioondoka.

Alasiri ileile akaupata mwingine, kwenye ghala la mbao karibu na lango la juu. Kutoka kulia kwenda kushoto, na nyusi. Akapiga goti, akausoma mwaka, akausoma tena kwa kidole kama kipofu. Miaka mitano baada ya barua ya mwisho.

Akakaa chini palepale, mgongo kwenye ukuta wa baba yake.

Siku ya tatu mji ukafunguka kama mtu aliyekubali kusema. Ujia wa shule: miaka tisa baada ya barua. Chumba cha kungojea cha daktari wa meno: miaka kumi na mbili. Alitembea kama anayefuata mtu aliyetangulia kona moja tu. Akifika, huyu ametoka sasa hivi. Akigusa, ukuta kama una joto. Kila tao lilimrudishia hatua zake, na kila mara zilikuwa hatua za mtu mzito zaidi, asiyegeuka nyuma. Mara mbili alijikuta anakimbia. Mara moja aliita, na njia ikaita naye.

Furaha ilikuja kwanza. Yupo. Yupo, yupo, yupo, mawe yalisema chini ya viatu vyake.

Kisha, mahali fulani kati ya ukuta na ukuta, furaha ile ikageuka upande wake wa pili, kama nguo inavyogeuzwa ndani nje, na akaona mishono. Yupo, na hakuandika. Yupo, amezeeka hapa, amefanya kazi hapa, amepiga kuta za watu asiowajua mpaka zikang'aa, huku mama yake akifagia vumbi kitandani na kukohoa. Alikuwa mwepesi wa kungoja na mzito wa kuhukumu, ndivyo alivyozaliwa. Lakini siku hiyo alilisikia neno moja, ametutupa, likimpanda kifuani, na hakulipenda, akalimeza.

Simu ikaita. Mama.

"Umeona nini?"

"Nimeona kuta, mama."

"Kuta zinasemaje?"

Neno lilikuwa mdomoni. Yupo. Lingetosha, ndilo alilotumwa. Akatazama mkono wake mwenyewe, mweupe kwa chokaa. Fundi hasemi ukuta umekauka kwa kuutazama tu. Sharti aguse.

"Bado zinasema," alijibu. "Hazijamaliza."

Kwa upande wa pili akasikia ufagio ukipita sakafuni, kisha kikohozi, kisha ufagio tena.

Ukuta wa mwisho aliupata jioni hiyo jua likikaribia kuzama, katika duka la mshonaji. Mweupe, mbichi wa rangi, nyusi zake zote zimeinuka. Mwaka jana.

"Aliyeupiga huo?" mshonaji alisema, pini zikiwa mdomoni, kwa lugha ya vipande na vidole. "Mzee wa mkono wa kushoto! Nani asiyemjua? Wiki hii yuko kwenye nyumba ya birika la zamani, lile tangi la maji la mji. Mtu mpole sana. Ila ana kitu kimoja. Akifanya kazi anahesabu, na anahesabu kwa lugha ambayo hapa hakuna aijuaye."

*

Asubuhi ya nne.

Aliteremka kwenye birika la zamani kwa njia ya mteremko, akitembea polepole sasa, kwa maana kukimbia kulikuwa kumekwisha. Nyumba ilikuwa wazi, mlango umeng'olewa na kuegemezwa pembeni. Alisimama nje. Na kutoka ndani, katika mji ule wa ugenini, kutoka kwenye koo la mtu asiyemwona, akasikia lugha ya kwao.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Baada ya kila namba, mkwaruzo wa mwiko. Ndivyo baba alivyohesabu. Mifagio kumi, kisha pumzi, kisha kumi nyingine. Tena aliivuta ile nne, aliilalia, kama watu wa mtaa wao tu wanavyoilalia, mtaa mmoja katika dunia nzima.

"Tano. Sita."

Akavuka kizingiti. Chumba kilijaa mwanga wa ubavu, na mwanga ulijaa vumbi, na ndani ya vumbi, juu ya jukwaa la mbao, palikuwa na mgongo wa mzee. Mkono wa kushoto ulikuwa ukienda na ukuta, kutoka kulia kwenda kushoto, kutoka kulia kwenda kushoto, na kila mwisho mwiko ukanyanyuka kidogo, ukakonyeza.

"Baba," alisema.

Mkono ukasimama katikati ya wimbi. Mzee akageuka.

Hakuwa yeye.

Hakuwa yeye kwa jambo lolote. Si macho, si paji, si kimo. Uso wa mtu wa mji ule, mwembamba, wenye mvi za nyusi zilizojaa unga mweupe. Walitazamana, na vumbi likaning'inia kati yao, halikujua liende kwa nani.

Mzee akashuka, ngazi moja, ngazi moja, bila kumwondolea macho. Akamkaribia. Akautazama uso wake kwa shavu, kama mtu anayesoma ukuta.

"Wewe ni mtoto wa Fundi Shoto," alisema, kwa lugha ya kwao, kwa lafudhi ya mtaa wao, kwa sauti iliyoazima kila mpando na kila mteremko wa sauti ya baba yake. "Una kidevu chake. Kaa, mwanangu. Kaa kwenye ndoo hiyo, ni safi."

Akakaa. Na mzee akasimulia.

Alikuwa mwokaji mikate. Akiwa na miaka arobaini na mitatu tanuri lao lilifungwa, naye akabaki hana kazi na ana mikono. Fundi mgeni akamwona, akampa ndoo abebe maji. Baada ya mwezi akampa mwiko. "Tulikuwa hatuelewani hata neno. Nikasimama pembeni yake nikafanya alichofanya. Yeye kushoto, mimi kushoto. Nilidhani kazi hii hufanywa kwa mkono huo. Kula ninakula kwa kulia, kuandika kwa kulia. Lakini nikishika mwiko kwa kulia ninakuwa kama mlevi."

"Na lugha?"

"Kwanza namba. Kisha matusi." Akatabasamu kidogo. "Kisha yaliyobaki. Alihitaji mtu wa kusema naye kuhusu nyumbani, na mimi ndiye niliyekuwepo. Alinifundisha lugha nzima ili apate pa kuweka mazungumzo yake. Najua ukuta wenu wa vipele. Najua mama yako hupenda mlango ufunguliwe kwa nje."

"Yuko wapi?"

Aliuliza ingawa alikwisha kujua. Alijua tangu uso ule ulipogeuka.

"Mwaka wa tatu," mzee alisema. "Mvua zilikuwa nyingi, homa ikamshika kifuani. Siku sita. Nilikuwa naye. Siku ya mwisho alikuwa anahesabu." Akafuta mwiko kwa gunia, pande zote mbili, japo ulikuwa safi. "Mimi kuandika lugha yenu sijui, nilijifunza kwa masikio. Kwa hiyo nikampa msafiri mmoja aliyekuwa anakwenda huko kwenu. Nikampa mwiko wa baba yako na maneno ya kuwaambia, nikamrudishia mpaka akayashika. Akaapa atafika."

"Hakufika."

"Hakufika?"

"Hakuna aliyefika, mzee wangu."

Yule mwokaji akatafuta pa kukaa, hapakuwa na ndoo nyingine, akakaa sakafuni juu ya mchanga. "Miaka yote hii," alisema mwishowe, "nilidhani mmeshalia mkamaliza."

Lipu mbichi ikaendelea kukauka kwenye ukuta, ikisita pale wimbi lilipokatika.

Binti akautazama mkono wa mzee. Mkono wa kushoto, uliotulia gotini, uliotembea mji mzima kwa miaka kumi na sita ukikonyeza kila ukuta. Akakitazama kidole gumba. Kilikuwa kimenyooka, kizima, na mzee alipokuna shavu kilikunja vizuri kabisa.

"Kidole chako kizima?" aliuliza.

"Kizima."

"Hakijawahi kuumia?"

"Kamwe. Kwa nini?"

"Mbona unanyanyua mwiko mwishoni?"

Mzee akamtazama kwa huruma, kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi mzito. "Ndiyo ufundi wenyewe huo, mwanangu. Hiyo ndiyo siri yake. Ilinichukua miezi minane kuipata. Nilikuwa nikifanya mazoezi kwenye unga, nyumbani, mke wangu akisema nimerukwa na akili."

"Hapana," binti alisema taratibu. "Baba aliangukiwa na jiwe. Kidole chake kilikuwa hakikunji. Haikuwa siri. Ilikuwa ni kilema."

Mwokaji akatazama mkono wake. Akatazama ukuta. Akaunyanyua mwiko hewani, akaufagia, na mwishoni mwiko ukanyanyuka wenyewe, kwa utii wa mnyama mzee aijuaye njia. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na binti hakujua kama ni kicheko au kilio mpaka yeye mwenyewe alipoanza, na hakujua pia.

"Miezi minane!" mzee alisema, akijifuta macho kwa mkono wenye chokaa na kuyazidisha. "Miezi minane, Shoto, na umekaa kimya! Mtu mbaya wewe!"

Alimsema Shoto akitazama pembeni, mahali ambapo hapakuwa na mtu, kama amsemavyo mtu kila siku.

*

Kaburi lilikuwa nje ya lango la juu, halina jiwe, lina nyasi. Walisimama hapo kidogo. Kisha mzee akasema, "Twende. Nikuonyeshe alipoishia."

Ulikuwa ukuta wa sebule katika nyumba ya ghorofa, mrefu, mweupe, usio na kitu. "Siku aliyoanza homa tulikuwa hapa," alisema. "Alifika katikati. Mimi nikaumaliza baadaye, peke yangu. Kwa macho yangu napajua pale anapokoma nami naanza. Wewe patafute."

Akaweka shavu lake. Akafumba jicho moja. Mawimbi yalimjia kutoka kona hadi kona, nyusi baada ya nyusi. Akapita nayo mara moja, mara mbili, kwa shavu, kwa kiganja, kwa ncha za vidole. Mahali fulani humo mtu mmoja alikuwa ameweka mwiko chini na mwingine ameuokota. Hakupaona. Ukuta haukuwa na mshono.

Alipiga simu akiwa amekaa kwenye ile ngazi ya kwanza, iliyomezwa na njia, miguu yake juu ya mawe ya barabarani. Mama alipokea kwa mlio wa kwanza.

"Mama. Hayupo."

Ufagio, uliokuwa ukienda, ukakoma.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa tatu."

Binti akasikia kifua cha mama kikipanda na kushuka, mlango mbovu ukifunguka na kufunga. Alisubiri. Alijua kusubiri.

"Kwa hiyo hakutunyamazia," mama alisema.

"Hakutunyamazia, mama. Alituma mtu. Mtu hakufika."

Kisha mama akapenga kamasi kwa kishindo, kama alivyofanya siku zote alipotaka jambo lisiendelee.

"Basi njoo umalizie ukuta."

Siku iliyobaki aliitumia kwenye nyumba ya birika, juu ya jukwaa, ameshika mwiko wake kwa mkono wa kushoto kwa mara ya kwanza maishani. Mzee alimsimamisha upande wake wa kulia. "Mimi nilisimama hapo ulipo," alisema. "Yeye alikuwa hapa." Mkono wa binti haukujua lolote. Ulivimba, ulitetemeka, uliacha mabonde na vilima.

"Unapaka siagi," mwokaji alimcheka.

"Siagi unaijua wewe."

"Naijua, ndiyo maana nakwambia. Hesabu! Asiyehesabu hukimbia."

Moja, wakasema pamoja. Mbili. Tatu. Nne, wakailalia. Walipopumzika mzee akageuza mwiko mkononi, akauliza kwa aibu kidogo, "Sasa nimejua. Ile ya mwishoni, niiache?"

"Usiiache," binti alisema. "Nifundishe."

*

Nyumbani alihitaji siku mbili. Aliukung'uta ukuta wa vipele, akaulowanisha, akapiga lipu laini kwa mkono wa kushoto, akihesabu kwa sauti. Mama alikaa ukumbini, mlango umefunguliwa kwa nje, akisikia namba zikija. Hakuingia. Ila kila ilipofika nne, binti alisikia kiti kikilia.

Asubuhi ya tatu mama aliingia. Lipu ilikuwa imekauka, sakafu imeoshwa. Alisogea mpaka ukutani, mdogo kuliko alivyokuwa mwaka jana, akaweka shavu lake, akafumba jicho moja kama alivyofundishwa zamani na mtu aliyemcheka jinsi anavyofanya. Kiganja chake kikatembea juu ya mawimbi polepole. Hayakuwa sawa. Mengine yalipinda, mengine yalikimbia. Kikafika mwisho wa wimbi moja, kikasita pale lilipoinuka.

"Hapa umeharakisha," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Naye alikuwa anaharakisha hapo." Hakuondoa shavu. "Angalia jeuri yake. Bado ananikonyeza."

Jua likaingia dirishani kwa ubavu, chini chini, kama lilivyoingia asubuhi zote za miaka kumi na tisa. Likatafuta vumbi hewani, halikulikuta. Kwa hiyo likapita moja kwa moja hadi ukutani, likapanda wimbi la kwanza, na la pili, na la tatu, likivuka mkono wa mama bila haraka, kutoka kulia kwenda kushoto.